Chungu Hakikutoka Kitupu

Mikono ndiyo iliyonistaafisha, si miaka. Miaka bado ninayo, tena mingi, Mungu akipenda. Lakini daktari aliitazama ngozi ya vidole vyangu, ilivyopasuka na kuchuruzika maji, akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia ninatoa mafuta ya zamani kwenye vyungu vilivyovunjika. Akaacha vidole, akanitazama usoni.

"Mafuta ya zamani ya nani?"

"Hatujui, daktari. Ndicho tunachotafuta."

Alicheka, kisha akaacha kucheka na kuandika kwamba dawa za labo, yaani maabara, nisiziguse tena, hata nikiwa na glavu, hata tone.

Kwa hiyo Divine na Hasani, ninyi mliokaa sasa kwenye viti vyetu pale Gitega, anayewaandikia ni mstaafu ambaye hata mvi hana. Hapa mtaani Nyamugari wananitania kila nikipita. "Habari ya pensheni, bibi?" Nami najishika kiuno, najifanya mgongo unauma. Tunacheka. Nikifika nyumbani ndipo ninapokumbuka kwamba kesho asubuhi hakuna mahali panaponingoja, na kicheko kinaisha.

Madamu Goreti ameniambia niwaandikie mambo ya kazi ili msianze kwenye giza. Ya vyeo sitaandika, kwa sababu cheo kilikuwa kimoja na kilikuwa chake. Ya mshahara nayo niyaache, nisiwavunje moyo mapema.

Niliingia labo kwa sababu ya mchele. Mama yangu anauza chapati na chai mbele ya nyumba, mnamjua, na Madamu alikuwa mteja wake. Siku moja alikuja akanikuta nimekaa na sinia, nachagua mawe. Shule nilikuwa nimeiacha nusu ya njia, na kichwani nilikuwa na ndoto nyingi zisizo na mpango: mara niwe mtangazaji wa redio, mara nifungue duka la vitambaa, mara nipande ndege tu, popote iendako. Madamu alisimama na chapati yake mkononi, akaangalia vidole vyangu mpaka chai yake ikapoa.

"Mama Rehema," akasema, "huyu mtoto iko na macho. Unipe."

"We umchukue," mama akajibu, "lakini ukimrudisha awe ameshiba."

Siku ya kwanza nilijipamba kama naenda harusini. Nilijipaka mafuta mpaka viwiko vinang'aa, nikavaa kitambaa kipya kichwani. Lakini kabla ya kutoka nilimsaidia mama kukanda unga, kama kila asubuhi. Nilipofika mlangoni Madamu alinyanyua mkono.

"Simama hapo hapo. Usiingie."

Akachukua kigae kidogo cha kioo, akakigusisha kwenye mkono wa gauni langu, akarudi nacho ndani. Nilibaki nje nikiwaza kwamba nimeshafukuzwa kabla ya kuajiriwa. Halafu akaniita, akanivalisha koti jeupe, akaniambia niweke jicho kwenye mikroskopu. Niliona giza, na ndani ya giza vitu vya duara vinawaka, kila kimoja na msalaba mweusi katikati. Alipozungusha kioo cha juu, misalaba ikazunguka nayo. Nilidhani ni nyota.

"Hiyo ni we," akasema. "Hiyo ni unga ya ngano, ni chapati ya mama yako. Ikiingia kwenye jiwe langu la kusagia la kale, nitaandika kwamba watu wa kale wa Burundi walikuwa wanakula chapati."

"Na chai?"

"Na chai. Bon, nenda ukanawe."

Ninawaandikia hili mkiwa bado wapya: hapo ndipo nilipopenda. Kwamba unga niliouona kila siku ya maisha yangu ulikuwa na nyota ndani yake na sikujua. Kwamba chembe isiyoonekana inaweza kukaa kwenye ufa wa jiwe tangu kabla ya babu wa babu zetu, ikingoja mtu ageuze kioo. Nikajisemea: haya, redio na ndege vingoje.

Tangu siku hiyo niliamka mapema zaidi, nikamkandia mama unga, kisha nikaoga upya na kubadili nguo kabla ya kwenda kazini. Na mafuta ya kujipaka yakaisha kwangu. Hilo mtalikuta gumu, hasa Divine, nimeona ngozi yako inavyong'aa. Tunatafuta mafuta ambayo kiasi chake ni kama kivuli cha mafuta. Mkono uliopakwa unafunika yote. Hina pia hapana. Kwenye harusi za ndugu zangu wasichana wote walikaa wamenyoosha mikono yenye maua, mimi nikawa nabeba sahani. Mama alikuwa akinishika kiganja na kuguna: "Mtoto wa kike, mikono kama ya mwashi."

Vifaa mnavyo, mnavijua. Ila mjue tabia zao. Mikroskopu ya dirishani ina skrubu iliyochoka; ukiisukuma kwa hasira inakushusha mpaka kwenye kioo na kukivunja, ukiibembeleza inakaa. Keekee ile ndogo, inayolia kama ya daktari wa meno, huwa inapata moto. Ikianza kunuka, ipumzisheni na ninyi mpumzike. Chupa ni za glasi tu, zilizochomwa kwenye tanuri. Plastiki ina mafuta yake yenyewe, na mashine ikiyaona haina adabu ya kukaa kimya.

Namna ya kutoboa aliyonifundisha Madamu ndiyo hii. Kigae cha chungu unakishika upande wa ndani ukielekea kwako. Unakwangua kwanza ngozi ya juu, unaitupa. "Hiyo ni ya kwetu," alikuwa akisema, "ya mvua, ya mbuzi aliyepita, ya mkono wa mkulima. Mtu wetu iko ndani." Ukishapita hapo ndipo unatoboa taratibu na kupokea unga wake kwenye karatasi ya bati. Udongo uliochomwa unakunywa, jamani. Unakunywa mchuzi, unakunywa shahamu, na ukishakunywa hautapiki. Ule unga tunautia dawa, dawa inabeba yale mafuta, tunaikausha, na kinachobaki kinapanda ndege kwenda ng'ambo kwenye mashine kubwa. Ndiyo, kinapanda ndege. Ndoto yangu moja ilitimia, ila kwa niaba.

Nyakati nzuri nazikumbuka kwa sauti na harufu. Mvua ya mchana kwenye bati, Madamu akiimba nyimbo za kanisani kwa kunong'ona, mimi na jicho kwenye kioo. Ilikuwa kama tuko mbali sana na tuko nyumbani. Jiwe moja la kusagia lililetwa kutoka Mutoyi, alikozaliwa Madamu. Shangazi yake alikuwa akilitumia kuzuia mlango wa jiko. Tukakuta juu yake mtama, mahindi, mhogo, viazi, na kitu kilichofanana sana na biskuti. Madamu akavua miwani. "Hili si jiwe," akasema. "Hili ni menyu."

Na vyungu vya kishimo. Mkivipata, vigeuzeni kwa heshima. Vile vya zamani sana vina kishimo kidogo chini, katikati ya kitako, kama mfinyanzi alibonyeza kidole udongo ungali mbichi, akaondoka. Kwa nini, hakuna anayejua. Mara ya kwanza nilipoweka kidole changu kwenye kishimo cha aina hiyo, kiliingia sawasawa, na nikashindwa kukitoa haraka. Nilimuuliza Madamu kama alikuwa mwanamke.

"Hujapima, usiseme," akanijibu.

Sikusema. Ila moyoni nilimpa jina, na hilo siwaambii.

Shida yetu kubwa haikuwa mashine wala dawa. Ilikuwa adabu za watu. Mtu akiokota kigae shambani na kusikia kwamba wageni kutoka Gitega wanakitaka, atakipeleka kisimani, atakisugua kwa majivu na mchanga mpaka kiwe kama sahani ya sikukuu, kwa sababu nani anampa mgeni kitu kichafu? Basi tukawa tunapeleka neno milimani, kwa kila shefu wa kolini, yule mkuu wa mlima: mkiokota, msioshe. Neno moja tu. Tulidhani linatosha.

Neno hilo lilifika Giteranyi, kaskazini kabisa mwa Muyinga, na Giteranyi ikatujibu. Mama mmoja, Velena, alikuwa akichimba shimo la kuivishia ndizi za pombe, jembe likagonga chungu karibu kizima. Hakukiosha. Alituma ujumbe kwamba kiko ndani, kina kishimo kitakoni, kinatungoja na udongo wake.

Tulitoka Gitega alfajiri, tukapita Karuzi, tukanywa chai Muyinga mjini, na mwisho wa barabara tukashuka tukafuata njia ya miguu. Kijana wa baiskeli alilisukuma sanduku letu likiwa limefungwa pale wanapofunga ndizi. Mama Velena alikuwa amesimama uani, mwanamke mnene wa kucheka, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, maana alikulia Tanzania, kambini, mpaka akawa mtu mzima.

"Karibuni, karibuni sana. Samahani, nyumba yenyewe ndiyo hii."

"Nyumba iko nzuri, mama," Madamu akasema. "Na chungu iko wapi?"

"Kipo, kipo. Kaeni kwanza. Kabla sijawapa, nina swali, na ninyi ndio mtakaonijibu."

Tukakaa. Akatueleza. Aliondoka mlima huu akiwa mgongoni mwa mama yake, Anjelina, hajui hata kutembea. Huko kambini, kila jioni wakila uji mkavu, mama yake alikuwa akisema: kwetu Giteranyi asubuhi ilianza na maziwa. Kila jioni. Alifia huko huko, akisema hivyo. Velena aliporudi na watoto wake akawasimulia majirani, nao wakamcheka. Hapa? Maziwa? Mlima huu haujawahi kuwa na ng'ombe, dada, mama yako alichanganya na mahali pengine.

"Sasa mimi hapa sina ninachokumbuka mwenyewe," akasema. "Nina maneno ya mama tu. Kama lile la maziwa ni la uongo, na mengine je? Na njia aliyonielekeza? Na mlima wenyewe ni huu? Shefu amenieleza kwamba mnaweza kujua chungu kilipikiwa nini. Nataka kujua kama hapa pamewahi kuwa na maziwa."

Madamu hakumharakisha. Alimwambia ukweli: kwamba chungu kama hicho ni cha watu wa kale mno, hakiwezi kumsemea mama yake. Na kwamba watu wetu maziwa waliyaweka kwenye vyombo vya mti na vibuyu, si kwenye udongo. Lakini kupima kunawezekana. Mashine inajua kutenganisha mafuta ya maziwa na mafuta ya nyama, hata kama yote yametoka kwa mnyama mmoja.

"Najua mama yangu si wa kale hivyo," Velena akacheka kidogo. "Lakini kama mlima ulishawahi hata mara moja, basi mimi nitawanyamazisha hao. Na nitanyamaza na mimi."

Akaingia chumba cha ndani. Akatoka polepole, amekikumbatia chungu kwa mikono miwili, juu yake amefunika kitambaa kilichofumwa. Kilikuwa kizuri, jamani. Mistari shingoni imechorwa kama jana, udongo umekauka ubavuni, mdomo umemeguka kipande kimoja. Akakiweka mbele ya Madamu na kuondoa kitambaa.

Kilikuwa kimejaa maziwa.

"Sikukiosha, nilikung'uta tu udongo wa ndani. Haya nimeyafuata ng'ambo ya bonde asubuhi," akasema kwa furaha. "Chombo hakitoki kwangu kitupu. Mama ndivyo alivyonilea."

Tulimwambia asioshe. Hatukumwambia asitie kitu.

Nilimtazama Madamu. Mnaujua uso wake mtu akifungua mlango wakati anapima unga kwenye mizani. Nilingoja uso huo, haukuja. Alikipokea chungu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema "Urakoze cane, mama," asante sana, kisha akaomba vikombe. Tukamiminiwa, tukanywa wote, na kijana wa baiskeli naye. Yalikuwa matamu, yenye moshi kidogo. Nilikuwa nakunywa huku najua kwamba nakunywa jibu la swali lake.

Vikombe vilipoisha ndipo Madamu alipomwambia, maana yeye hafichi.

"Mama, nikueleze kitu, usihuzunike. Udongo unakunywa. Sasa hiki kimekunywa maziwa ya leo. Tukikipima, kitasema maziwa, lakini hatutajua ya nani."

Velena alikitazama chungu, akiufikiria huo udongo unaokunywa. Halafu akaweka mkono mdomoni.

"Nimeliua jibu langu mwenyewe?"

Ningeweza kulia pale pale. Ili nisilie nikaangalia chungu, na jicho langu likaenda kwenye lile pengo la mdomo.

"Mama, na kipande cha hapa kiko wapi?"

"Jembe lilikimega. Nikakitupa humo humo shimoni, na udongo wake."

"Shimo lipi?"

Akaelekeza kidole uani. Shimo lilikuwa limeshajaa ndizi, zimefunikwa majani na udongo, zinaiva. Kila mtu pale alijua kwamba ukizifukua kabla ya siku yake pombe inaharibika. Velena hakufikiri mara mbili.

"Toeni!"

Majirani walikuja kuona wageni wa Gitega wakitoa ndizi shimoni mojamoja kama watoto wachanga. "Velena," mmoja akaita kutoka uzioni, "pombe yako imekamatwa na serikali?" "Imekamatwa na mama yangu!" akamjibu, naye hakuacha kubeba. Chini kabisa, kwenye udongo mwekundu uliosukumwa pembeni, kilikuwepo, upana wa kiganja, kimegandamana na ardhi. Maziwa hayakukigusa. Nilivaa glavu mpya, nikakiinua pamoja na udongo wake, nikakikaribisha kwenye pengo bila kugusisha. Kilikuwa chenyewe.

"Tena mdomo ndio mzuri," Madamu akamwambia Velena, na sasa naye alikuwa anatabasamu. "Chungu kikichemka, mafuta inapanda juu. Kama walichemsha maziwa, iko hapa."

Tukachukua na udongo wa shimo, ili tujue ardhi yenyewe ina nini. Hilo msisahau kamwe, Hasani.

Kile kipande nilikifanyia kazi mwenyewe. Wakati huo vidole vilikuwa vimeanza kupasuka, nikavifunga bandeji chini ya glavu na nisimwambie mtu. Nilitoboa kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia kwa kitu kingine, hata kwa moyo wangu. Chupa ikafungwa, ikapanda ndege, tukaanza kungoja.

Velena naye alingoja, kwa simu.

"Rehema mwanangu, mashine imesemaje?"

"Bado, mama. Iko mbali, na kuna foleni."

"Mwambie nimeshatengeneza pombe nyingine, nayo imeiva, nayo imekwisha."

Jibu lilipokuja Madamu aligeuza kompyuta nione. Michoro ile mtaizoea. Inafanana na milima, kila kilele ni kitu. Nilijua kilele cha maziwa kinapaswa kuwa wapi. Palikuwa bonde.

"Majani," Madamu akasema. Ilikuwa nta, ile inayofanya tone la mvua liteleze juu ya mboga. Walichemsha mboga za majani kwenye chungu hicho, tena na tena, labda maisha yake yote. Na shahamu ya nyama, kidogo sana. Kama siku moja ya sikukuu.

"Madamu, kama tukimwambia labda?"

"Labda ni neno zuri, nalipenda. Kuhusu mlima mzima, unaweza kumwambia labda. Kuhusu kipande hiki, hapana." Akanishika bega. "We ndiye unaenda. Alikupenda."

Nilikwenda Giteranyi nikiwa nimeshaonana na daktari. Ilikuwa safari yangu ya mwisho ya kazi na mimi peke yangu ndiye niliyejua. Njia nzima nilikuwa nikiaga vitu: kona za Karuzi, chai ya Muyinga, baiskeli zilizobebeshwa ndizi mpaka mwendeshaji haonekani. Nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno kwa sauti, kijana wa baiskeli akanitazama kwa wasiwasi.

Velena hakutaka mazoezi yangu. Aliniona tu usoni.

"Hayakuwepo."

"Hayakuwepo, mama. Kwenye kile kipande, hayakuwepo. Mlima wote hatujui."

Akakaa chini kwenye mkeka. Nami nikakaa.

"Walipika nini basi?"

"Mboga za majani. Siku nyingi, majani. Nyama mara chache."

"Majani gani?"

"Mashine haijui jina."

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, ingawa na machozi yalikuwepo. "Majani leo, majani kesho, nyama ya Krismasi. Kumbe ni mimi! Huyo mtu na mimi tungegombania sufuria." Akajifuta kwa ncha ya kitenge. Halafu akauliza, kama mtu aliyekumbuka kitu alichokiacha motoni:

"Na maziwa yangu?"

"Yapi, mama?"

"Niliyoyatia mimi. Mliyatoa?"

Nilikuwa nikiliogopa hilo kuliko lote. "Hayatoki, mama. Yameshaingia kwenye udongo."

"Hata mkikiosha?"

"Hata tukikiosha. Yatakaa kama yale majani yalivyokaa."

Akanisogelea. "Kwa hiyo akija mtu wa kupima, huko mbele, mimi sipo, wewe hupo, akitoboa tumbo la chungu kile, atakuta maziwa."

"Atakuta. Ndiyo maana Madamu lazima aandike kwenye kibandiko kwamba ni ya leo, ili huyo mtu asidanganyike." Nilisema nikiangalia chini, kwa sababu ilikuwa kama kumwambia kwamba zawadi yake tumeiandika kuwa uchafu.

"Ataandika vipi hasa?"

"Maziwa ya leo. Yametiwa Giteranyi."

"Ya leo ya nani? Maziwa hayajitii." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu anayepanga vyombo vyake. "Mwambie aandike ya Velena. Velena binti Anjelina, wa Giteranyi. Ni ukweli, si ukweli?"

"Ni ukweli, mama."

"Basi. Mama alisema hapa kuna maziwa. Sasa yapo."

Nilipoondoka alinipa ndizi, mbivu, na hakukubali niache hata moja. Aliona bandeji mikononi mwangu. Akanifungia mzigo mgongoni kwa kitenge, kama mtoto.

Jioni niliyomwambia mama yangu kwamba kazi imekwisha, aliingia ndani. Alileta mafuta, akaishika mikono yangu, akaanza kuipaka, kidole kwa kidole, akipita kwenye kila mpasuko. Miaka yote ile ngozi yangu ilikuwa ikiyatamani. Ilikunywa yote. Nami nilikuwa nalia kwa sababu nilijua kwamba kuanzia hapo siwezi kugusa kitu chochote kule labo, hata mlango wa kabati.

Siku ya kuwaaga, ninyi wawili mlikuwa mnapigana na ile skrubu ya mikroskopu, hamkuniona. Nilisimama kizingitini, mahali pale pale nilipozuiwa siku ya kwanza, mikono nimeiweka nyuma, inang'aa. Chungu cha Giteranyi kiko rafu ya chini, kimelazwa ubavu, kishimo kimeelekea mlangoni. Kidole changu kilikikumbuka. Sikuingia. Niliinama, nikasoma kibandiko kutoka mbali, mwandiko wa Madamu, ule wa duara wa shule ya Mutoyi:

"Mdomo: majani, ya kale. Tumbo: maziwa, ya Velena binti Anjelina, wa Giteranyi."